Kupeleka darasa kaya: tuliyojifunza kabla ya safari, msituni na baada ya kurudi

Safari nyingi za darasa kwenda kaya, zile ngome takatifu za msituni za Mijikenda, huharibika wiki tatu kabla basi halijawashwa moto. Barua huandikwa, hupigwa muhuri wa shule, hupelekwa kwa chifu. Chifu huitikia, na mwalimu huamini kazi imekwisha. Kumbe chifu ni wa serikali, na kaya ina wenyewe. Siku ikifika, watoto 80 hushuka na kofia, simu na pakiti za krispi, na mzee aliyeketi kivulini njiani huuliza swali moja: nani amewakaribisha? Hakuna wa kumjibu. Watoto hurudi shuleni na picha ya kichaka.

Kosa hilo hulipiwa kwa nauli, kwa siku nzima ya masomo na kwa aibu, na aibu ndiyo inayodumu, kwa sababu mwaka unaofuata wazee bado wanaikumbuka shule. Haya tunayaandika kwa walimu wa Kilifi na Kwale wanaofikiria safari hiyo kwa mara ya kwanza, na kwa yeyote kwingineko ambaye shule yake iko jirani na mahali patakatifu pa wenyeji. Tutafuata mpangilio wa siku zinavyokwenda.

Kwa asiyezijua kaya: ni vijiji vya ngome vilivyojengwa katikati ya msitu na jamii za Mijikenda kwenye ukanda wa pwani ya Kenya. Jamii ni tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Watu walihama taratibu kwenda mashambani, na kufikia miaka ya 1940 kaya hazikuwa makazi tena, lakini makaburi, malango na mahali pa kuombea pakabaki chini ya ulinzi wa wazee. Kuanzia mwaka 1992 serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaingiza kadhaa kati yake katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2009 mila zenyewe za kaya ziliingizwa katika orodha nyingine, ile ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kwa ufupi, msitu una ulinzi wa sheria, lakini maarifa yaliyomo yamo vichwani mwa watu wazima sana, na hilo ndilo linalofanya safari hii iwe ya haraka kuliko safari ya kwenda kutazama ndovu.

Gredi ya Nne ndiyo inayofaa zaidi. Mtaala wa somo la jamii mwaka huo unahusu kaunti, na watoto wa miaka tisa au kumi wanaweza kutembea kilomita tatu na kunyamaza dakika kumi wakiombwa. Gredi ya Pili hawawezi kunyamaza. Sekondari wanaweza, ila wengi wao tayari wameshasikia mabaya kuhusu kaya, na kazi ya kwanza inakuwa kuyang'oa hayo.

Anza wiki sita kabla. Nenda mwenyewe, kwa miguu yako, bila watoto na bila barua. Mtafute mwenyeji ambaye wazazi wake ni wa kaya hiyo; karibu kila shule ina mzazi, mpishi au mlinzi wa aina hiyo, na kwa kawaida hakuna aliyewahi kumuuliza. Yeye ndiye atakayekupeleka kwa mzee anayepokea wageni, na mzee huyo ndiye atakayelipeleka ombi lako kwa ngambi, baraza la wazee. Jibu halitolewi siku hiyo. Mwalimu anayetaka jibu siku hiyo hiyo hupewa "tutaona", na maana yake ni hapana. Ikiwa kaya ni turathi ya taifa, waarifu pia maofisa wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya wanaoshughulikia misitu ya pwani. Hao huwajua wazee na watakwambia kama kuna mgogoro wa ardhi au msiba unaofanya wakati usifae. Chifu mwarifu baada ya wazee kukubali, kwa heshima na kwa usalama.

Kwa Wagiriama huendi kwa mzee mikono mitupu. Kuna kadzama, ile ada ya kumfungulia mzee mdomo, ambayo asili yake ni tembo la mnazi kwenye kibuyu. Shule haiwezi kubeba tembo, na hakuna haja ya kulifanya jambo hilo kuwa la kunong'ona. Mwambie mzee wazi kwamba wewe ni mwalimu na pesa hizi ni za wazazi. Mtakubaliana sukari, unga au pesa taslimu. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuichukulia kadzama kama hongo na kuikataa, au kuichukulia kama bei ya tikiti na kuanza kuipunguza. Yote mawili hufunga mlango.

Kubaliana tarehe kwa uangalifu, kwa maana kuna kalenda mbili mezani. Wiki ya jadi ya Mijikenda ina siku nne, na siku ya jumwa ni ya mapumziko, watu hawalimi. Mzee anaweza kukwambia "njooni siku baada ya jumwa" na wewe ukaandika Jumatano. Mbinu inayotusaidia ni kumwomba mwenyeji aonyeshe kwenye kalenda ya ukutani jumwa ya wiki hii, kisha kuhesabu nne nne hadi mwezi unaoutaka. Kila baada ya siku 28 siku ile ile ya jadi huangukia siku ile ile ya wiki ya shule. Watoto hulipenda hesabu hilo, na ni somo zuri la vigawe kuliko mengi yaliyomo kitabuni. Kuhusu majira, epuka Aprili hadi Juni, mvua ya masika inapofanya njia za udongo kuwa utelezi na mbu kuwa wengi. Julai, wakati wa kusi, hewa ni ya kupumua na muhula wa pili bado haujaisha. Februari ni kavu, lakini joto lake si la mchezo kwa watoto waliotoka kwenye basi.

Sasa wazazi. Hapa ndipo penye uchungu wa kweli, na ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Barua ya ruhusa ikisema tu "safari ya kwenda kaya", baadhi ya wazazi watakataa, wengine kwa Biblia, wengine kwa Kurani, wengine kwa hofu ambayo hawataitamka kwenye karatasi. Hofu hiyo ina mzizi. Katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine kwa kosa la kuwa na mvi tu. Mtoto aliyekua akisikia kwamba mzee wa msituni ni mchawi hawezi kubadilishwa na ziara ya saa mbili, na anaweza kulitamka neno hilo mbele ya mzee mwenyewe. Limewahi kutamkwa. Mzee hakukasirika, alinyamaza, na kimya kile kilikuwa kizito kuliko hasira.

Kwa hiyo usitume barua peke yake. Ita mkutano wa wazazi wa darasa hilo, saa moja inatosha, na umwombe mzee mmoja aje, au bibi mmoja, aketi nao. Eleza bayana: watoto hawatashiriki tambiko lolote, hawatakunywa wala kupakwa kitu, watatembea, watasikiliza, watachora. Eleza pia kwamba wazee wengi wa kaya za Wadigo ni Waislamu wanaoswali swala tano, na kwamba kulinda makaburi ya babu zako hakumwondoi mtu kwenye dini yake. Mzazi ambaye bado anakataa, mheshimu. Mtoto wake asibaki darasani akifagia. Mpangie kazi yenye uzito ule ule, kama kumhoji nyanya yake kuhusu kijiji kilivyokuwa, na siku ya kuwasilisha asimame sawa na wenzake. Tumeona mahojiano ya aina hiyo yakizidi kwa utamu kazi za waliokwenda.

Darasani, tenga vipindi vitatu kabla ya safari. Cha kwanza kiwe cha lugha, kwa sababu vitabu vya zamani vina sumu. Watu hawa waliitwa Wanyika, watu wa nyika, jina walilopewa na wengine kwa dharau. Wao wenyewe walilisimamisha jina la Mijikenda, miji tisa, katika miaka ya 1940. Mfundishe mtoto tofauti ya majina hayo kabla hajafungua kitabu cha maktaba. Na angalia nyakati za vitenzi katika maelezo yako mwenyewe. Mwalimu husema "Wagiriama waliishi, waliamini, walivaa", na nusu ya darasa ni Wagiriama wanaoishi, wanaoamini na wanaovaa. Wakati uliopita ubaki kwa yaliyopita kweli, kama kulala ndani ya kaya. Vilevile usimteue mtoto wa Kigiriama kuwa msemaji wa kabila lake: "wewe tuambie, nyumbani kwenu mnafanyaje?" Mtoto wa miaka kumi hakuombwa kazi hiyo. Akijitolea, sawa.

Kipindi cha pili kiwe cha asili. Toa simulizi kama linavyosimuliwa: walitoka Shungwaya, kaskazini, wakasukumwa na Wagalla (Waoromo), wakashuka pwani na kujenga kaya. Waambie watoto pia kwamba wanahistoria wanabishana juu ya kiasi gani cha simulizi hilo kilitokea hivyo. Watoto wa umri huo wanaweza kubeba mambo mawili kwa pamoja, mradi usiwaambie kwamba wazee wanadanganya.

Kipindi cha tatu kiwe cha Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga wakoloni, hasa kama mnaelekea Kaya Fungo ya Wagiriama. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilitaka kodi na ilitaka vijana wa Kigiriama wakafanye vibarua, na ofisa wao Arthur Champion akapewa kazi ya kusimamia. Mekatilili alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya maombolezo ambayo haikuwa rahisi kuizuia, na watu wakamfuata hadi kaya ambako viapo vilitolewa: mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume. Alikamatwa mwezi Oktoba 1913 pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwaka 1914 wakatoroka na kurudi nyumbani. Wape watoto ramani na rula. Kisii hadi nchi ya Wagiriama ni zaidi ya kilomita 600 kwa mstari mnyoofu. Kwa kilomita 25 kwa siku ni siku zisizopungua 24, na hakuna njia inayonyooka kama rula. Waache wapige hesabu wenyewe na usiongeze neno. Kisha tarehe: Agosti 4, 1914, Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Siku hiyo hiyo Uingereza iliingia Vita Kuu ya Kwanza kule Ulaya. Mtoto akifika Fungo akiwa anajua hayo, huiangalia miti kwa jicho jingine, na hana haja ya kuambiwa anyamaze.

Bajeti tuiseme wazi. Kwa watoto 40, gari ndilo linalomeza fungu kubwa kuliko yote mengine, hivyo uliza kwanza kama kuna kaya au mahali pa jadi ndani ya umbali wa kutembea kutoka shuleni. Huko Rabai, Ribe, Jibana na Kambe kaya ziko jirani na makazi na barabara. Linalofuata ni heshima ya wazee na wakalimani, kisha chakula cha wenyeji watakaowapikia, maji, na mwisho kabisa makaratasi. Walimu wengi huanza na makaratasi na fulana za safari, kisha wakafika kwa mzee na bahasha nyembamba. Geuza mpangilio huo. Pesa za wazee zitolewe mbele ya mashahidi, mkononi mwa mtu aliyetajwa na ngambi, na ziandikwe kwenye daftari la kaya na la shule. Kijana anayekutana na basi barabarani na kujiita mtembezi rasmi anaweza kuwa mkweli, lakini ukimlipa yeye kabla ya kufika kwa wazee utalipa mara mbili na utakuwa umechochea ugomvi utakaobaki kijijini baada yako. Mtoto asiye na mchango asiachwe. Gawanya gharama yake kwa wengine tangu mwanzo, kimya kimya.

Watoto 40 wasiingie pamoja. Wagawe 20 kwa 20. Nusu moja iende msituni, nusu nyingine ibaki kijijini na kina mama wakubwa wakisuka makuti, wakionyeshwa hando, vazi la jadi la kina mama, linavyokunjwa, wakisikia nyimbo. Baada ya saa moja na nusu wabadilishane. Mgawo huu una sababu tatu. Njia za kaya ni nyembamba. Nguo nyeusi wanazovishwa wageni, kama ilivyo desturi Kaya Kinondo kule Kwale, huwa hazitoshi watu wengi. Na sababu ya tatu ndiyo kubwa: bila kituo cha kina mama, watoto hurudi wakidhani historia ya Mijikenda ni ya wanaume wenye fimbo, wiki moja tu baada ya kufundishwa habari za Mekatilili.

Siku yenyewe ondokeni mapema, saa 12 na nusu, ili saa mbili muwe mmeketi mbele ya wazee na saa tano na nusu wote mmeshatoka msituni. Kila kundi la watoto 10 liwe na watu wazima wawili, mmoja mbele na mmoja mkiani, na awepo mmoja wa ziada mwenye sanduku la huduma ya kwanza. Mzee ndiye anayetangulia. Hakuna mtoto wala mwalimu anayempita, hata njia ikiwa pana. Maji, lita moja kwa kila mtoto, na madumu mawili ya lita 20 yabaki kwenye gari. Mtoto mwenye selimundu anywe kabla ya kuhisi kiu na apumzishwe kila nusu saa. Mwenye pumu awe na dawa yake mfukoni mwake, isiwe kwenye mkoba wa mwalimu aliye kundi jingine.

Salamu ziwe zimefunzwa. "Mulamukadze" ikitamkwa na watoto 20 kwa pamoja huufungua uso wa mzee kuliko hotuba yoyote ya mwalimu mkuu.

Kisha masharti, ambayo hutofautiana kaya hadi kaya, kwa hiyo yaulize kwenye ziara yako ya kwanza na uyaandike. Kofia huvuliwa. Kuna kaya ambazo viatu huvuliwa kuanzia lango fulani. Kila mtoto awe na mfuko wenye jina lake wa kubebea vyake, maana kutafuta jozi 20 za viatu vyeusi vya shule vinavyofanana hula nusu saa. Uliza pia, na umtume mwalimu wa kike akaulize kwa faragha, kama kuna sharti linalowahusu wasichana, ili lisije likatangazwa langoni mbele ya wavulana. Ndani hakuna kuokota kitu, hata jani, hata ganda la konokono. Hakuna kula. Picha hupigwa pale tu mzee anapoonyesha, na kwa simu moja tu ya darasa.

Upupu ndio adui wa kweli wa safari hizi. Hukua kwenye vichaka vya pembezoni kabla ya kufika kwenye miti mikubwa, na maganda yake yakikauka manyoya huruka kwa upepo. Mtoto mmoja akiguswa hujikuna, manyoya huhamia mikononi, akamshika mwenzake, na ndani ya dakika tano kundi zima linajikuna. Marufuku kusugua. Paka udongo wenye maji au majivu yaliyoloweshwa, acha yashike, kisha kwangua na osha kwa maji mengi. Utepe wa kunata unaotumika ofisini nao huyanasa vizuri. Weka utepe mmoja kwenye sanduku. Suruali ndefu na mikono mirefu huzuia mengi ya haya. Siafu nao wapo. Wa mbele akiona mstari wao aseme kwa sauti ya chini na wote wavuke kwa hatua ndefu bila kusimama.

Mwendo ni wa polepole. Watoto 20 kwa mstari mmoja huchukua dakika 25 kwa kilomita, na mstari wao una urefu wa mita 20 au zaidi. Sauti ya mzee wa miaka 80 ndani ya msitu haivuki mita sita. Mzee akianza kueleza akiwa kwenye njia nyembamba, watoto watano husikia na 15 huanza michezo, kisha mwalimu wa nyuma hukemea, na mzee anadhani anakemewa yeye. Pangeni mapema vituo vitatu au vinne penye uwazi ambapo watoto wanaweza kuketi nusu duara, na njiani kuwe kimya. Kama mzee anasema Kigiriama na watoto wengine hawakijui, mkalimani achaguliwe na mzee, na kumbuka kwamba tafsiri huongeza muda maradufu.

Vituo vyenyewe hujichagua. Lango la kwanza, ambapo mzee huomba ruhusa kwa waliotangulia. Mti mkubwa, mara nyingi mbambakofi wenye mbegu nyeusi zenye kikofia chekundu, ambapo huongelewa dawa na miiko. Moro, mahali pa baraza katikati ya kaya, ambapo kesi zilisikilizwa. Hapa mwombe mzee aeleze kesi moja ya kawaida, ya mbuzi aliyekula shamba au mahari iliyodaiwa, na jinsi ilivyoamuliwa. Watoto huelewa utawala kwa mbuzi kuliko kwa neno utawala.

Swali moja lisiwepo kwenye karatasi ya maswali: fingo limefukiwa wapi. Fingo ni hirizi ya ulinzi ya kaya nzima, na mahali pake hapasemwi. Walimu huliweka swali hilo kwa nia njema, kwa kuwa wamelisoma neno mahali, lakini mzee anayeulizwa anasikia swali la mwizi. Ana sababu. Vigango, nguzo za kuchongwa za kuwakumbuka wanachama wa Gohu, chama cha wazee, waliofariki, ziliibwa kwa miaka mingi kutoka mashambani na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, nyingine zikaishia Marekani ndani ya makumbusho. Kigango kikishasimikwa hakihamishwi. Kikiibwa, familia huamini msiba wowote unaowapata baadaye umetoka hapo. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa Kenya kutoka makumbusho za Marekani, na vingine vimefuata. Habari hii waeleze watoto wakiwa wameketi, na waulize kwa nini basi hatuchukui jani. Wataunganisha wenyewe.

Mkiwa Rabai, kuna kishawishi cha kuanza na makumbusho yaliyo ndani ya kanisa la kale, kwa kuwa yana kivuli, choo na vyumba. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaanzisha misheni Rabai mwaka 1846 pamoja na Johannes Rebmann, na baadaye watumwa walioachwa huru walipata makazi hapo. Ni historia nzito na inastahili saa yake. Lakini anzeni na kaya. Watoto wanaoanza na kanisa huandika kwenye insha zao kwamba historia ya Rabai ilianza 1846, na kila kitu cha kabla yake huwa "zamani za kale". Wanaoanza na kaya hufika kanisani na kuuliza Krapf aliomba ruhusa kwa nani. Hilo ndilo swali unalolitaka. Maana wazee wa Kirabai walikuwapo, walimpokea, na ndio waliompa ardhi na maneno.

Chakula kiliwe kijijini, kimepikwa na wenyeji kwa malipo. Wali na maharagwe, au sima na mchunga, vinatosha. Taka zote zirudi kwenye basi, hata maganda ya machungwa.

Kazi ya kuandika ifanyike siku hiyo hiyo alasiri au kesho yake asubuhi, kwa kumbukumbu, bila picha. Daftari moja la darasa lenye safu nne: jina la mti kwa Kigiriama, jina kwa Kiswahili, matumizi, na nani alitueleza. Safu ya nne walimu huisahau, nayo ndiyo inayomrudishia mzee haki yake. Majina yatakosewa tahajia. Msiyasahihishe kwa kubahatisha, yawekeni alama ya penseli.

Ndani ya wiki mbili rudini. Wengi hawarudi, na hili ndilo lalamiko tunalolisikia mara nyingi zaidi kwa wazee: watu huja, huandika, hupotea. Si lazima darasa zima. Watoto sita na mwalimu mmoja wanatosha. Wabebe daftari, picha zilizochapishwa kwenye karatasi, na michoro. Kwa mzee asiyesoma, mtoto asome kwa sauti mti mmoja mmoja, na mzee asahihishe pale penye penseli. Katika darasa la watoto 40 hupatikana makosa kumi na kuendelea, na mzee huyafurahia kuliko zawadi. Yale atakayosema yafutwe, yafutwe mbele yake. Usiweke picha wala sauti za nyimbo mtandaoni bila kuuliza tena, hata kama mliruhusiwa kupiga.

Shule nyingi hupenda kupeleka miche. Vizuri, ila siyo mwarobaini. Ni mgeni katika misitu ya pwani, ndege na nyani husambaza mbegu zake, na ukishaingia kaya huwasonga wenyeji. Waulizeni wazee wanataka nini na wapi. Mara nyingi watasema pembezoni, pale kuni zilipokatwa, na watataka mbambakofi au mrihi. Mbegu za mbambakofi mnapewa na wazee wenyewe, msiokote. Toeni kile kikofia chekundu, loweka usiku mmoja, panda moja moja kwenye viriba na mwagilia kila siku jioni. Hadi mche ufike kimo cha kupandwa, mvua za vuli au masika zinazofuata zitakuwa zimekaribia, na hiyo ndiyo ziara ya tatu.

Na kama ngambi ikisema hapana? Isemwe hapana. Usitafute kaya nyingine wiki hiyo hiyo ili tu basi lililokwishalipwa lisipotee. Uliza kama mzee mmoja na bibi mmoja wanaweza kuja shuleni. Tuma gari likawachukue, na uwawekee viti vyenye mgongo chini ya mwembe, siyo ndani ya darasa lenye mwangwi. Watoto waketi kwenye mikeka mbele yao, chai iwe tayari kabla hawajafika, na kipindi cha baada yake kiwe kimefutwa kwenye ratiba, kwa kuwa akishaanza kusimulia hatakatizwa na kengele.